Nasaka mkoko wa spidi, dada kaniazima Passo

Kijana wa Dar akikwambia anataka kubadilisha gari, muulize kwanza: anabadilisha gari au anabadilisha jina? Hapa mjini gari ni jina, bwana. Mwenye Crown Athlete anaitwa "mkuu" na mlinzi wa geti hata kabla hajashusha kioo. Mwenye Passo anaambiwa na mlinzi huyo huyo, "Dada, sogea mbele kidogo," hata kama aliyekaa nyuma ya usukani ana ndevu. Nayajua haya vizuri, kwa sababu ndevu ninazo na hii ni wiki ya tano naendesha Passo.

Tena ya rangi ya waridi iliyopauka. Cheka taratibu, msomaji wangu, bado tuna safari.

Passo si yangu, ni ya dada yangu mkubwa aliyekwenda Dodoma masomoni kwa miezi miwili. Mimi niliuza Mark II yangu, ile GX 100, kwa jamaa wa Segerea aliyekuwa akiimezea mate siku nyingi. Nikachanganya na akiba, nikapata milioni 17 taslimu. Lengo likiwa moja tu: gari la spoti. Sitaki la kubebea viazi. Nataka la kunguruma, lenye gia za mkono, ambalo ukilipaki unageuka nyuma kulitazama mara ya pili. Nina miaka 31, sijaoa, na nimepiga hesabu kwamba nikilikosa sasa hivi nitakuja kulipata nikiwa na kitambi na goti bovu. Dada aliposikia natembea kwa daladala akanitupia funguo: "Tumia hicho, ila ole wako unichafulie siti."

Sasa tuongee habari za kigari chenyewe. Passo ilianza kuuzwa Japani mwaka 2004, Toyota wakishirikiana na Daihatsu ambao ya kwao waliiita Boon, na utengenezaji wake ukakoma mwaka 2023. Injini yake ni 1KR-FE ya cc 996, pistoni 3, nguvu za farasi 71. Ukisimama kwenye mataa inatetemeka kama mgonjwa wa malaria aliyenyang'anywa blanketi. Siku ya kwanza nilidhani plagi moja imekufa, nikapitia kwa fundi wangu Tabata. Akaweka kiganja juu ya boneti, akacheka. "Kaka, hii ni nzima. Pistoni tatu ndivyo zilivyo." Na usiidharau: injini hiyo ilibeba tuzo ya kimataifa ya injini bora za chini ya lita 1 mara nne mfululizo, kuanzia 2007 hadi 2010.

Ndani kuna vituko. Siti ya mbele ni benchi moja kama kochi, na gia imebandikwa kwenye shingo ya usukani, mtindo wa Peugeot 404 za wazee wetu. Wiki nzima mkono wangu wa kushoto ulikuwa unatafuta gia pale katikati na kukuta hewa. Inageuka kwenye nafasi finyu kuliko gari lolote nililowahi kushika. Vitabu vyake vinasema nusu kipenyo cha mita 4.3. Kwa mtu anayetafuta pa kupaki Kariakoo hiyo ni sawa na dua iliyojibiwa. Mimi na GX 100 yangu tulikuwa tunazunguka mitaa mpaka tunasahau tulichofuata.

Kilimani ndipo unapopata aibu. Kinyerezi yetu ni ya vilima, asiyejua aje apande kuelekea Kifuru na Malamba Mawili. Ukikanyaga mafuta kigari kinapiga kelele nyingi kwanza, halafu ndipo kinafikiria kwenda. Kiyoyozi unazima, madirisha unafungua, unainama mbele kidogo kukisaidia. Jumamosi moja bajaji ilinipita hapo ikiwa na abiria watatu na godoro. Dereva wake akanipigia honi ya pole.

Lakini sheli sasa! Niliweka lita 20, nikaenda nazo kilomita 290, Kinyerezi mpaka Posta na kurudi, foleni ya Tabata ikiwemo, na ile ya Mandela mpaka Buguruni. Gawanya mwenyewe. GX 100 lita kama hizo ilikuwa haizifikishi nusu ya huko. Na mafuta si jambo la kupuuza katika mji ambao kila Jumatano ya kwanza ya mwezi watu wanasubiri bei mpya za EWURA kama matokeo ya mtihani. Mwaka 2022 lita ya petroli ilipita shilingi 3,000, wako walioanza kuipenda daladala ghafla. Halafu kuna hili ambalo vijana wengi hawalijui: ile ada ya mwaka ya road license ilipofutwa mwaka 2017, haikupotea. Ilihamishiwa kwenye petroli, shilingi 40 kwa kila lita. Kwa hiyo mwenye mlafi barabarani anamlipia na mwenye Passo.

Haya, tuje kwenye msako wenyewe. Jioni baada ya kazi nakipaki kigari mbali kidogo na yadi, nje ya upeo wa macho ya madalali, halafu natembea kwa miguu kifua mbele. Kinondoni, Mwenge, Barabara ya Nyerere, zote nimezipitia. Washkaji nao kila mmoja ana ushauri.

Wa kwanza alitaka ninunue Subaru Impreza WRX. Huyo ni mgonjwa wa mashindano. Anakukumbusha bila kuulizwa kwamba Colin McRae alishinda Safari Rally kule Kenya na Impreza mwaka 1997, na Richard Burns akarudia mwaka 2000. Mlio wake kweli ni muziki. Fundi wangu, ambaye huuza maneno machache kwa bei ghali, akaniuliza kitu kimoja tu: "Kaka, ukiambiwa turbo imekwisha, una milioni za akiba?" Nikamwambia la. "Basi endelea kuisikiliza ikipita." Tukafunga mjadala.

Wa pili akasema Crown Athlete au Mark X. Magari matamu, lakini injini zake za cc 2,500 zinakukuta kwenye mlango wa TRA kabla hujaziwasha. Kwa anayeagiza Japani, ushuru wa bidhaa unafuata ukubwa wa injini: isiyozidi cc 1,000 haulipi huo, kuanzia hapo mpaka 2,000 ni asilimia 5, kuzidi hapo asilimia 10. Hiyo ni juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25, na VAT ya asilimia 18 inakuja nyuma kufagia. Na kama gari limezidi miaka 10, kuna asilimia 30 nyingine ya uzee. Wenzetu Kenya gari la zaidi ya miaka 8 haliingii kabisa. Sisi linaingia, ila linalipia mvi zake. Jambo jingine: usijidanganye na bei uliyoelewana na Mjapani. TRA wana kikokotoo chao mtandaoni chenye thamani zao wenyewe, kifungue kwanza kabla hujatuma hata senti moja.

Moyo wangu mimi ulikuwa kwa Altezza. Ilitoka mwaka 1998, ikatwaa tuzo ya Gari la Mwaka Japani kwa 1998-1999, na Ulaya waliiuza kwa jina la Lexus IS 200. Matairi ya nyuma ndiyo yanayosukuma, inavyotakiwa. Ila hapa kuna mtego ambao umewala wengi. Altezza ziko mbili. RS200 ina injini ya 3S-GE, na yenye gia sita za mkono inatoa farasi 210. AS200 ina 1G-FE, farasi 160, injini ile ile aliyonayo mzee wa jirani kwenye GX 110 yake ya kuendea msikitini. Madalali wanaziuza zote kwa sauti moja. Wewe fungua boneti, soma kibati: SXE10 ndiyo yenye moto, GXE10 ni ile ya mzee.

Niliipata SXE10 Mwenge. Nyeusi, namba D, gia za mkono, milioni 15 na maongezi yapo. Jumapili asubuhi dalali akanipa niijaribu Barabara ya Sam Nujoma kuelekea Ubungo. Msomaji, sina maneno. Deshibodi imechorwa kama saa ya mkononi, duara kubwa lenye viduara vitatu ndani yake. Kirungu cha gia ni tufe la chuma linaloingia kiganjani kama limepimwa kwako. Gia ya pili tu, injini ikaanza kuimba, na mimi nikajikuta natabasamu peke yangu kama mwendawazimu. Trafiki wasome hapa vizuri: sikuvuka 50. Na hapo ndipo wazo baya likaniingia. Kasi ya maeneo ya makazi ni 50, tochi ziko kila kona, faini ni 30,000 kwa kosa. Farasi 210, na wote wanakwenda kwa miguu! Dalali akaniona nimenyamaza, akadhani ni bei. "Bosi, laki tano naweza kumwomba mwenye gari apunguze."

Nikamwomba twende nayo hadi kwangu, fundi aje kuitazama. Lami yote mpaka Kinyerezi ilikuwa raha. Tulipoiacha lami kuingia mtaani kwetu, ambako mvua za masika hazijamaliza kazi yake, tumbo la Altezza likaanza kusalimiana na ardhi. Tuta la kwanza nilipita upande upande. La pili likakwaruza, kwaaa, dalali akafumba macho. Mahali hapo hapo Passo inapita kila siku kama mbuzi.

Mama alikuwa barazani. Tunaishi naye, tumepanga, na kila mwezi nampeleka kliniki mjini kwa ajili ya magoti yake. Hii ndiyo habari ambayo sikuwaambia madalali. Kuna na nyingine: Kifuru tuna kiwanja chenye msingi wa vyumba vitatu uliosimama mwaka wa pili, na mwenye nyumba ameshatuambia kwamba mwakani mwanawe anaoa, atazihitaji nafasi zake. Milioni yoyote itakayobaki kwenye gari ni tofali Kifuru.

"Mama, njoo ujaribu gari," nikamwambia. Akaja, akanishika bega, akaanza kushuka ndani. Akashuka, akashuka, mpaka nikaona kilemba tu. "Nimeingia kisimani," akasema kutoka huko chini. Kumtoa tulihitajika mimi na dalali. Akajifuta vumbi la kanga, akaizunguka gari yote, akaigusa taa ya nyuma kwa kidole. "Zuri mwanangu. Nitakuwa nalitazama likipita."

Dalali akaondoka na Altezza yake bila neno. Mimi nikabaki nimesimama, naisikiliza ikibadilisha gia mpaka kwenye lami. Bado naitaka. Asije mtu akaniambia nimekua, au Passo imenifundisha unyenyekevu. Passo imenifundisha kupiga hesabu tu, unyenyekevu bado.

Fundi ndiye aliyenipa njia. Alikuja amechelewa, gari limeshaondoka, akakaa kwenye ngazi akinywa chai ya mama. "Unataka gia za mkono, unataka la kuchangamka, unataka lipite hapa. Kwa nini hutafuti Vitz RS?" Nikamtazama kama amenitukana. Vitz! Lakini nikaingia mtandaoni usiku ule, na jamaa hakuwa anatania. Vitz RS ile ya 2005 na kuendelea ina injini ya 1NZ-FE ya cc 1,496, farasi 110 kwenye mwili wa kigari kidogo, gia tano za mkono. Na 1NZ ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye Probox, Raum na Spacio, maana yake Gerezani hukosi spea hata ukienda umefumba macho. Suzuki Swift Sport ina nguvu zaidi, farasi 125, nami niliitazama kwa muda mrefu sana. Fundi akauliza spea zake nitazipata duka gani. Sikuwa na jibu la haraka, tukarudi kwa Toyota.

Nimeshaagiza moja, nyekundu. Pamoja na kodi zote inabaki chenji ya kuinua kuta za Kifuru hadi kwenye linta, kama fundi mwashi hatabadilisha bei. Meli ipo njiani.

Juzi nikitoka kliniki na mama, yeye amejinyoosha kwenye benchi la Passo, mkoba wake pembeni, akauliza hilo jipya siti zake zikoje. Nikamwambia zimetenganishwa, kila mtu na yake, tena zimekumbatia ubavu kidogo.

Akafikiri mpaka tukafika Segerea.

"Dada yako," akasema, "yeye anarudi lini hasa?"