Je, Wajua? Boti ya mbao iliyobeba marais wa Marekani

Sequoia, boti ya injini yenye urefu wa meta 32 hivi, iliundwa mwaka 1925 huko Camden, jimboni New Jersey. Aliyeichora ni John Trumpy, mzaliwa wa Norway.

Uzuri wake umo katika umbo. Trumpy alichora boti za aina hii kwa matajiri waliokimbilia Florida msimu wa baridi, kwenye maji ya kina kifupi. Ndiyo maana haizami sana majini. Omo yake imesimama wima, na vyumba vyenye safu ya madirisha vinafuata mstari wa sitaha, havirundikwi ghorofa juu ya ghorofa kama katika boti nyingi za kifahari za leo. Jicho linateleza kutoka omo hadi tezi bila kukwama popote. Hapo ndipo ustadi ulipo, si katika mapambo.

Mataruma ni ya mwaloni mweupe, mbao ngumu isiyooza upesi. Ubavuni ni msonobari wa manjano, na juu inang'aa mahogani iliyopakwa vanishi.

Serikali ya Marekani iliinunua mwaka 1931. Mei 1963 Rais John F. Kennedy alisherehekea humo siku yake ya mwisho ya kuzaliwa. Rais Jimmy Carter, aliyebana matumizi, aliagiza iuzwe mwaka 1977. Miaka kumi baadaye, mwaka 1987, Marekani iliitangaza rasmi kuwa alama ya kihistoria ya taifa.