Kuinua Mizigo Katika Stoo Ndogo

Gunia la kawaida la mahindi hapa Kenya lina kilo 90. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanaume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55, na mwanamke abebe uzito mdogo kuliko huo. Lakini katika stoo zetu akina mama ndio wanaovuta magunia hayo. Mgongo ukishaharibika, hata shamba litalimwa na nani?

Tuangalie mashine zilizopo, na ipi inafaa mahali penye nafasi ndogo.

1. Foklifti ya kawaida. Ina chuma kizito nyuma ili mzigo usiipindue. Kwa sababu hiyo ni ndefu, na inataka njia ya mita 3 na nusu au zaidi ndipo igeuke. Ya dizeli isiingizwe kabisa katika stoo iliyofungwa, kwa maana moshi wake una sumu isiyo na harufu, nayo huua.

2. Foklifti ya kunyoosha mikono. Hutumia betri, na uma zake husogea mbele kuchukua mzigo. Njia ya karibu mita 3 inatosha, lakini sakafu lazima iwe ya simiti iliyonyooka.

3. Toroli ya paleti. Hii haina injini. Unapiga mpini juu na chini kama pampu, nayo huinua paleti ya mbao pamoja na magunia yake. Nyingi hubeba mpaka kilo 2,000, ila huinua sentimita 20 hivi tu. Hiyo ni ya kusogeza, si ya kupanga juu. Magurudumu yake ni madogo, kwa hiyo kwenye udongo mweusi wa Kano itakwama hapo hapo.

4. Toroli ya magurudumu mawili. Mafundi wa jua kali wa Kisumu wanaweza kuichomelea. Waambieni waweke matairi makubwa ya mpira. Hupita kwenye njia ya mita 1, na mtu mmoja husukuma gunia bila kulibeba.

Kwa kikundi chenye magunia mia moja au mia mbili, hiyo ya nne inatosha. Foklifti ni ya godauni kubwa lenye kazi kila siku. Kwenu italala tu ikila pesa za matengenezo.

Kuna mambo mawili yasiyo na gharama kubwa. Gaweni gunia la kilo 90 liwe mawili ya kilo 45. Tena, pangeni magunia juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, ili unyevu usiozeshe nafaka na toroli ipate njia.

Jadilianeni katika mkutano wenu:
- Mlango wa stoo yetu una upana gani? Pimeni, msikisie.
- Sakafu ni simiti au udongo?
- Nani kati yetu anaumwa mgongo, na kazi gani ilimletea?

Mkishajibu, ndipo mfungue sanduku la pesa.