Kideri ni Ugonjwa wa Mtaa

Kuku mmoja amejikunyata kivulini, manyoya yamesimama, anahara kijani. Kesho yake wawili wengine wamepinda shingo na kuburuta mabawa. Hapo dawa haitasaidia, kwa sababu kideri, au mdondo, hakina dawa ya kukitibu. Wafugaji wengi wa Kilosa na Mikumi wanalijua hilo, lakini mkono bado hukimbilia unga wa oksitetrasaiklini. Kutazama kuku wakifa huku umekaa tu ni kugumu kuliko kutoa hela. Unga ule hupambana na bakteria. Kideri huletwa na kirusi.

Kinachotuponza ni kufanana kwa dalili. Mafua ya kuku, yanayovimbisha uso na kutoa ute wenye harufu, ni ya bakteria, na hapo unga husaidia. Kifaranga anayehara damu huenda ana koksidiosi, nayo ina dawa zake. Ndui, yenye vipele kwenye upanga, huenezwa na mbu, na kuku wengi huipona wenyewe. Basi kila anayepona baada ya kunyweshwa unga huupatia sifa mtaani, na sifa hiyo ndiyo inayomponza mfugaji siku kideri kinapoingia. Kideri hakichagui umri, na kundi lisilochanjwa linaweza kuteketea karibu lote.

Kinaingiaje? Ni rahisi kumlaumu kanga wa Hifadhi ya Mikumi, na kweli ndege wa porini wanaweza kubeba kirusi. Mimi ningeitazama barabara kwanza. Mikumi ipo kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa. Kilosa inapitiwa na reli ya kati. Kirusi hutoka na kinyesi na makamasi, kisha husafiri na tenga, kiatu, na kuku wa zawadi. Baya zaidi ni kuwauza haraka waliobaki wakati wenzao wanakufa. Kuku aliyeambukizwa huchukua kama siku tano au sita kabla ya kuonyesha dalili, hivyo mnunuzi humpokea akiwa mchangamfu na kumwingiza bandani kwake.

Kinga ipo. Chanjo ya I-2 ilitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, uliolenga vijiji visivyo na friji. Huvumilia joto kuliko chanjo nyingi za kawaida. Nchini inazalishwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Ni tone moja jichoni, kwa jogoo na kifaranga vilevile. Ugumu uko kwenye hesabu: chupa ina dozi za kuku wengi, nyumba ina kuku kumi na wawili. Ukinunua peke yako, nyingi zitamwagwa. Nyumba za jirani zikichanga, gharama ya kila kuku huwa ndogo hata ukiilinganisha na bei ya yai. Na kuku hao wanachakura jalala moja. Kumchanja wako na kumwacha wa jirani ni nusu ya kazi.

Kazi hufanywa alfajiri, banda likiwa bado limefungwa, maana wakishatoka utawakimbiza hadi jua liwe kali. Anza na nyumba zisizo na ugonjwa. Kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujijenga, kisha hufifia, kwa hiyo chanjo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Vifaranga walioanguliwa katikati ya raundi mbili hawasubiri zamu ya mwaka kesho. Huingia kwenye raundi inayofuata.