Tulilipa Ili Kushuka Shimoni



Kama uko na mtoto, ndugu ao rafiki anayekaa Ulaya, pengine siku moja alikutumia foto. Ukamuona anacheka, amevaa koti nzuri, nyuma yake nyumba ndefu. Ukasema: "Yule sasa amefika!" Mimi pia nilituma foto za namna ile. Leo nataka kukuelezea foto moja tu, na mambo yaliyokuwa nyuma yake.

Ilikuwa mwaka 2014. Nilikuwa mwanafunzi katika muji wa Liège, Ubelgiji. Mimi ni mtoto wa Kipushi, nikakomea Lubumbashi. Pale Liège, miezi ya kwanza ilikuwa migumu. Mwezi wa kumi na mbili, saa kumi na moja ya magaribi giza imekwisha kuingia. Unatoka kwenye masomo, unafunga mulango wa chumba chako, hakuna mutu wa kukuuliza kama umekula. Siku ya Mungu ilikuwa mbaya zaidi. Nyumbani ni siku ya bukari na kelele za watoto katika lupangu. Kule nilikuwa naikala kitandani na kuangalia telefone.

Yaya mmoja wa Bukavu, aliyekuwa anasoma pamoja nasi, aliona ile hali. Akaniambia: "Mwana, ukibaki paka ndani utagonjwa. Posho inayokuja tunatoka." Nikamwambia sina feza. Akajibu: "Nani amesema feza? Leta miguu yako."

Siku ya furaha

Tulikuwa watu sita: Wakongo watatu, kijana mmoja wa Kamerun, na wabinti wawili Wabelgiji. Kila mmoja alitoa kidogo. Yaya alikaanga kuku na kupika ndazi tangu asubui. Tukapanda bisi, tukacheka njia nzima mpaka watu wengine wakaanza kutugeukia.

Ndugu msomaji, unafikiri tulikwenda wapi? Kwenye bahari? Kwenye maduka makubwa? Hapana. Tulikwenda kuona shimo la makala ya mawe, katika kijiji cha Blegny, karibu na Liège. Mimi mtoto wa Kipushi nilitoka kwetu, nikavuka bahari, juu ya kulipa tikiti na kuingia mgodini!

Lile shimo lilifungwa tarehe 31 Machi 1980. Lilikuwa la mwisho kufanya kazi katika eneo lote la makala la Liège. Hawakulibomoa. Waliliacha wazi ili watu walitembelee, na kwa miaka mingi wachimbaji wa zamani wenyewe ndio walioongoza wageni. Mwaka 2012, UNESCO ililiandika pamoja na migodi mingine 3 ya Wallonie katika urizi wa dunia.

Walitupa makoti ya kazi na kaske. Pale ndipo tulipiga ile foto: watu sita, kaske kichwani, meno yote inje. Kisha tukaingia katika kizimba cha chuma. Kilipoanza kushuka, rafiki wa Kamerun, mutu wa maneno mengi kupita sisi wote, akanyamaza kimya na kushika mukono wangu kwa nguvu. Tulimucheka mpaka chini.

Kizimba kinasimama kwenye mita 30. Kutoka pale unashuka ngazi kwa miguu mpaka mita 60. Kuna baridi, maji yanatona, giza iko pembeni. Mwongozi aliwasha mashini moja: kelele ilituingia mpaka ndani ya mifupa. Alituonyesha mushipa wa makala, hata mita 1 ya unene haufiki. Mutu alikuwa analala chini kwa upande wake, anachimba hivyo siku nzima. Lile shimo lilifika mita 530. Sisi tulikuwa kwenye mita 60 tu, na magoti yalikuwa yanatetemeka.

Pale kicheko kilipunguka

Mmoja wa wale wabinti Wabelgiji alitusimulia juu ya babu yake. Alikuwa Mwitalia. Mwaka 1946, Italia na Ubelgiji zilipatana: Italia itume vijana kuchimba, Ubelgiji iuzie Italia makala. Babu yake alikuja na sanduku moja. Alituambia tena juu ya Bois du Cazier, kule Marcinelle: tarehe 8 Agosti 1956 moto ulishika chini ya udongo, watu 262 wakakufa, na 136 kati yao walikuwa Waitalia.

Mwongozi akaeleza pia habari ya taa. Kila mchimbaji alikuwa na namba yake. Asubui anachukua taa, magaribi anairudisha. Kama nafasi ya namba moja ingali tupu, watu wa juu wanajua: kuna mutu angali chini.

Nikasimama pale kama mutu aliyepigwa. Baba yangu alitumika chini ya udongo kule Kipushi, mpaka kazi iliposimama mwaka 1993. Kule mashimo yanapita mita 1000. Nilikuwa mtoto wa miaka 7, nilijua tu kama baba anatoka na anarudi, na bote zake zinabaki kwenye mulango. Tangu pale, miaka zaidi ya 20, sikumuuliza hata siku moja: baba, kule chini kulikuwa namna gani?

Tulipopanda juu, jua lilikuwa zuri. Tukakaa kwenye majani, tukakula kuku ya yaya na mikate ya wale wabinti. Mule mbele yetu kulikuwa mulima wa mawe yaliyotolewa shimoni. Nikawaelezea terili yetu ya Lubumbashi na shimini yake. Tuliimba, tukacheza, tukachelewa bisi. Tangu siku ile sikuogopa tena siku ya Mungu, kwa sababu nilikuwa na watu.

Namba ya taa

Magaribi nilituma ile foto nyumbani. Baba akapiga simu mara moja, anacheka mpaka anakohoa:

"Ni kweli mulilipa feza? Miye balikuwa bananilipa juu nishuke. Weye unalipa juu ushuke? Ulaya ni Ulaya!"

Nilicheka naye. Kisha nikamuuliza: "Baba, taa yako ilikuwa namba gani?"

Hakufikiri hata kidogo. "Mia ine na kumi na saba." Akanyamaza. Halafu akaanza kusema. Alisema juu ya joto, juu ya rafiki aliyemufundisha kusikiliza jiwe kabla halijaanguka, juu ya siku moja namba ya jirani yake haikurudi. Tulizungumuza mpaka uniti zikaisha. Nyuma nilimusikia mama: "Miaka yote ile haukumuuliza!"

Ninyi vijana mulio mbali, musijifunge chumbani. Siku nzuri haiombe feza nyingi. Inaomba rafiki, chakula cha kugawana, na mutu mmoja wa kusema: "Leta miguu yako." Na foto mukituma, andikeni na maneno, ili nyumbani wajue mulikula kuku ya nani na mulichelewa bisi gani.

Nanyi mulio hapa kwetu, mgodi wa Kipushi ulianza tena kazi mwaka 2024, na vijana wapya wanashuka. Lakini wale wa zamani wanazeeka. Wazungu walilinda shimo lao na maneno ya watu wake. Sisi, maneno ya watu wetu yako wapi? Yangali mudomoni mwa wazee, katika lupangu lako.

Kwa kuzungumuza katika jamaa:

1. Baba, babu ao mujomba wako alitumika wapi, na kazi gani?
2. Namba yake ya kazi ilikuwa gani? Muulize leo.
3. Katika parokia ao avenue yenu, ni nani anayebaki peke yake siku ya Mungu? Mutamuita lini?