Chagua Mshipi Kabla ya Kufuata Jodari

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Neno hilo lafaa shambani, lakini usiende nalo baharini. Mtu afuataye jodari bila kuchagua vifaa vyake hurudi na ndoana iliyonyooka, au hurudi na mkono uliokatwa na mshipi.

Ndugu mkulima wa skimu za Ngerenya, Mtwapa, Magarini na kwingineko karibu na pwani, ukisha kuvuna mahindi ya masika hupata majuma machache ya nafasi kabla ya mvua za vuli. Majuma hayo ndiyo ya jodari, kwa maana huonekana sana katika bahari yetu tangu Agosti hadi Oktoba, kusi inapopungua. Ukialikwa na wavuvi utoe fungu lako la fedha za vifaa, kumbuka kuwa hizo ni fedha za mahindi yako. Yafaa ujue zinanunua nini.

MJUE SAMAKI KWANZA

Jodari si changu wala tafi. Mkubwa aweza kupita kilo 100, na hata mwenye kilo 30 huteremka chini kwa nguvu nyingi. Macho yake ni makali. Meno yake ni madogo, hayakati kama ya nguru au papa. Mambo haya matatu, yaani nguvu, macho na meno, ndiyo yatakayokuongoza dukani.

MSHIPI NA NDOANA

1. Mshipi wa nailoni wa milimita 1 hukatika kwa uzito wa kilo 45 hivi. Huo ni wa jodari wadogo na sehewa. Kwa wakubwa nunua wa milimita 1.5 hadi 2. Mshipi mnene pia haukati mikono upesi.

2. Kipande cha mwisho, chenye ndoana, kiwe cha nailoni safi isiyoonekana majini. Usiweke waya, jodari atauona na kuukataa. Waya ni wa nguru.

3. Ndoana iwe nene na iliyopakwa dawa ya kuzuia kutu. Ukitumia chambo cha samaki hai au ngisi, ndoana ya duara ni bora, kwa sababu humshika jodari pembeni mwa kinywa. Lakini usiivute kwa ghafula. Mwache samaki aende, nayo itajishika yenyewe.

4. Kwa mshipi wa kurambaza, unaoburutwa nyuma ya chombo, tumia chambo bandia cha manyoya au cha plastiki chenye umbo la ngisi. Chombo kiende maili 6 hadi 8 za bahari kwa saa. Tazama mahali ndege wanapotumbukia majini. Pitisha chambo kando ya kundi, wala usipite katikati, maana utawatawanya samaki.

5. Weka kizunguko cha chuma kati ya mshipi na kipande cha mwisho, ili mshipi usijisokote.

Nguvu ya vyote hivi ni nguvu ya kile kilicho dhaifu kuliko vingine. Ndoana ya bei kubwa haina faida ikiwa fundo ni baya. Lowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza, kisha livute kwa nguvu ulijaribu ukiwa ungali nchi kavu.

MIKONO YAKO NA SAMAKI WAKO

Usijizungushie mshipi mkononi hata kidogo. Jodari akiteremka, mtu aweza kupoteza vidole au kuvutwa baharini. Vaa glavu, panga mshipi ndani ya kikapu mbali na miguu ya watu, na kisu kikali kiwe karibu. Mwisho wa mshipi ufungwe boya, ili samaki akizidi nguvu umwachie yote, kisha umfuate.

Uwepo pia upembo wa kumpandishia chomboni, na sanduku la barafu. Mwili wa jodari hupata joto anapopigana. Akiachwa juani nyama hufanya sumu ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mchinje mara moja atoke damu, mtoe matumbo, umzike katika barafu. Kama hakuna fedha za barafu, safari haijawa tayari.

Mkirudi, osheni vifaa kwa maji baridi yasiyo ya chumvi na kuviweka kivulini, kwani jua hudhoofisha nailoni. Pitisha mshipi kati ya vidole. Ukikuta mahali penye mkwaruzo, kata kipande hicho ukitupe kwenye taka, si baharini.

Kabla ya kununua chochote, mwone afisa wa samaki au viongozi wa kikundi cha ufuo wenu, uwaonyeshe orodha yako. Ulipanda mbegu iliyo bora ndipo ukavuna. Mshipi nao ni mbegu. Uchague vivyo hivyo.