Kuzisikiliza Nyimbo za Picha za Kihindi za Zamani

Wazee wa Kinondoni waikumbuka Drive-In ya Msasani, iliyofunguliwa mwaka 1966, ambako watu walitazama picha wakiwa ndani ya motokaa. Leo pale pana ubalozi wa Marekani. Zilizobaki ni nyimbo, nazo vijana wengi huziona kuwa kelele tu kwa sababu hawajui Kihindi.

Yafaa kujua kwamba mchezaji haimbi. Katika Awaara, picha ya mwaka 1951, Raj Kapoor achezesha midomo tu. Sauti ni ya Mukesh, iliyonaswa kabla ya picha kupigwa. Nargis naye aimbiwa na Lata Mangeshkar. Huo si udanganyifu, bali ni kazi ya watu wawili walioshirikiana kumfanya mmoja.

Kisha sikiliza umbo la wimbo. Kiitikio, yaani mukhda, hutangulia. Vyombo hufuata peke yake. Halafu huja ubeti, uitwao antara, ambao mara nyingi hupanda juu, kisha hushuka taratibu mpaka kiitikio kikarudi. Hapo pa kurudi ndipo penye utamu.

Mpenzi wa taarabu hatapotea, kwani Juma Bhalo wa Mombasa alitia maneno ya Kiswahili katika tuni za picha hizo. Ajabu ni kwamba wako wamsifuo Bhalo huku wakizicheka nyimbo za Kihindi! Mwenye shaka amwulize mzazi wake tuni ilitoka wapi, huenda akamwimbia.