Twiga Mweupe wa Garissa na Amana ya Mpiga Picha

Mwaka 2017 wanakijiji waishio jirani na Hifadhi ya Jamii ya Ishaqbini, kaunti ya Garissa nchini Kenya, waliwapasha habari askari wa wanyamapori kwamba wamemwona twiga mweupe akiwa na mtoto wake, naye mweupe. Wahifadhi wakaenda, wakawakuta, wakawapiga picha za video. Mama alikuwa akienda huku na huko mbele ya watu bila papara, huku mtoto akijificha vichakani. Baada ya muda mfupi picha zile zilikuwa zimeenea duniani.

Machi 2020 ukaja msiba. Wasimamizi wa hifadhi walitangaza kuwa twiga jike yule, pamoja na mtoto wake wa miezi saba, wameuawa na majangili. Ilikutwa mifupa tu. Alibaki dume mmoja mweupe, aliyezaliwa na mama huyohuyo. Novemba mwaka huo alifungwa kifaa pembeni, kinachotoa taarifa ya mahali alipo kila baada ya saa moja, ili askari wamlinde.

Weupe huo si ualbino. Wataalamu huuita lusizimu: ngozi hushindwa kutengeneza rangi yake ya kawaida, lakini macho hubaki meusi. Mwenye ualbino hukosa rangi hata machoni. Hapa Tanzania tunaye mfano wa twiga mwenye hali hiyohiyo, yule wa Tarangire aliyepewa jina la Omo, kwa kufananishwa na sabuni ya unga. Picha zake zilisambaa mwaka 2016, na watafiti waliompiga picha walieleza wazi hofu yao kwamba rangi yake ingewavutia majangili. Mabaka ya twiga ni sitara yake, hasa angali mdogo. Asiye nayo huonekana na simba, na huonekana na binadamu.

Ndugu msomaji, katika Sura Fatir, aya ya 27 na ya 28, Mwenyezi Mungu (s.w.) anatukumbusha kutofautiana kwa rangi za matunda, milima, watu, wanyama na mifugo, kisha anataja kumcha Yeye kwa wenye elimu. Kwa hiyo mnyama mweupe si mkosi wala si hirizi. Ni alama ya uwezo wa Muumba, na anayeitazama kwa elimu huzidi unyenyekevu.

Hukumu ya picha wanazuoni wameijadili kwa kirefu, nasi hatukusudii kuirudia hapa. Neno letu ni kwa kijana aliyekwisha kushika kamera au simu na akajaaliwa kukutana na kiumbe adimu namna hii.

Kwanza, ajue kazi yake. Kamera huhadaiwa na weupe. Mnyama akijaa kwenye picha, kamera hupunguza mwanga na weupe ukawa kijivu; akiwa mdogo mbele ya vichaka vyenye giza, kamera huzidisha mwanga, na manyoya yote yakawa doa jeupe lisilo na umbo. Mpiga picha hana budi kurekebisha mwanga mwenyewe. Jua la asubuhi au la alasiri ni bora kuliko la adhuhuri.

Pili, ajue adabu. Abaki garini na atumie lenzi ndefu. Asimfukuze mnyama, asimpigie kelele ili ageuke, wala asisimame kati ya mama na mtoto. Imepokewa kwamba Masahaba walichukua makinda mawili ya ndege, mama yao akawa anapapatika, Mtume (s.a.w.) akauliza ni nani aliyemhuzunisha kwa wanawe, akaamuru warudishwe. Ikiwa huzuni ya ndege ilizingatiwa kiasi hicho, hofu ya twiga mwenye mtoto haiwezi kuwa jambo dogo.

Tatu, na hili ndilo zito, aifiche siri ya mahali. Simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Azime huduma hiyo, na asitaje njia, kisima wala kilima. Habari za mahali azipeleke kwa askari wa hifadhi. Sifa ya siku moja mtandaoni haistahili kununuliwa kwa roho ya kiumbe.

Tusisahau pia kwamba nchini mwetu ndugu zetu wenye ualbino wamewahi kukatwa viungo na kuuawa kwa imani za kishirikina, hata mwaka 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli. Mtoto anayefundishwa nyumbani kumwona twiga mweupe kuwa kiumbe cha Mwenyezi Mungu kama twiga wengine, atakuwa mwepesi zaidi kumpa mwanadamu mwenzake haki hiyo, ambayo ni kubwa zaidi. Wazazi, tuanze na picha hiyo moja, tuwaeleze.

Wabillahi tawfiq.